Zamu Ndiyo Mali: Mwongozo Kamili wa Mapambano Magumu kwenye Gemu za Kikosi

Hapa Arusha ukitaja gemu, akili ya mtu inaenda moja kwa moja kwenye mpira. Pita jioni kwenye vibanda vya Ngarenaro, Kaloleni au Sakina, utakuta vijana wamebanana mbele ya skrini, mmoja Madrid, mwingine City, na foleni ya wanaosubiri kushika padi. Gemu ninazoziandikia hapa hazichezwi hivyo. Ni gemu za hadithi ndefu, za nchi za kubuni zenye majoka, wachawi na maiti zinazotembea. Humo unaongoza kikosi cha watu wanne, watano au sita, na likija pambano unampangia kila mmoja cha kufanya. Baldur's Gate, Pillars of Eternity, Divinity: Original Sin, Pathfinder, Solasta: ukiwa umegusa mojawapo, tunaelewana.

Machalii wanaozicheza mjini hapa ni wachache, na wengi huziacha mapema, pale kikosi kizima kinapolazwa chini na maadui wanaoonekana wa kawaida kabisa. Swali ninaloulizwa huwa lilelile: "Braza, nimepanda leveli, nimenunua upanga mpya, mbona bado wananimaliza?" Wanakumaliza kwa sababu leveli na upanga ni nusu ya habari, tena nusu ndogo. Pambano la kikosi linaamuliwa na hesabu ya zamu: ni upande upi umepata nafasi nyingi za kufanya jambo la maana kabla haujaanguka. Adui aliyekufa hana zamu. Adui aliyelazwa usingizi, aliyefungwa, au anayekukimbiza bila kukufikia, zamu yake imeliwa. Na mtu wako unayemtuma kumfuata adui wa mbali hadi mwendo unamwishia njiani, naye umemlia zamu, tena wewe mwenyewe. Kila hatua hapa chini inarudi kwenye hesabu hiyo.

Hatua ya kwanza: gemu inayoendana na mashine yako

Baldur's Gate 3, iliyotoka Agosti 2023, inataka nafasi ya GB 150 kwenye SSD, RAM isiyopungua GB 8, na kadi ya michoro ya daraja la GTX 970 kwenda juu. Laptop nyingi za mtumba tunazonunua ni za ofisini, hazina kadi ya michoro ya peke yake, na gemu hiyo hazitaibeba. Hizo GB 150 nazo ukizishusha kwa bando la simu utalia. Tafuta ndugu au rafiki mwenye intaneti isiyopimwa kwa GB, uiache laptop ilale kwake usiku mmoja.

Usipokuwa na mashine ya aina hiyo bado unaweza kula vizuri tu. Baldur's Gate ya 1998, ya pili yake ya 2000, na Icewind Dale ya mwaka huohuo wa 2000 zilifanyiwa ukarabati na kupewa jina la Enhanced Edition. Zinacheza kwenye laptop dhaifu, na hata kwenye simu za Android. Kwenye simu herufi ni ndogo na kidole kinafunika nusu ya uwanja, ila tableti inazimudu vizuri. Pillars of Eternity ya 2015 iko katikati: si nzito kama mpya, si kongwe kama za zamani.

Zaidi ya mashine, jua kwamba gemu hizi zina koo mbili. Kuna za zamu kwa zamu, kama Divinity: Original Sin ya 2014 na ya pili yake ya 2017, Solasta ya 2021 na Baldur's Gate 3: kila mtu anasubiri nafasi yake, na wewe unafikiri hadi uchoke. Na kuna zile ambazo saa inatembea kwa wote kwa pamoja, kisha wewe unaisimamisha unapotaka kutoa amri, kama Baldur's Gate mbili za mwanzo na Pillars ya kwanza. Pillars of Eternity II ya 2018 iliongezewa mfumo wa zamu mwaka 2019, na Pathfinder: Wrath of the Righteous ya 2021 inakuruhusu kubadili kati ya mifumo hiyo miwili wakati wowote.

Anayeanza namshauri aanze na za zamu kwa zamu. Zile za kusimamisha saa zina raha yake, lakini zinaficha makosa: watu sita wanapigana kwa pamoja, mchawi wako anauawa kwenye kona usiyoitazama, na unajua tu baada ya sura yake kuwa nyekundu. Ukilazimika kuanza na hizo, ingia kwenye mipangilio kabla ya pambano lolote, tafuta sehemu ya kusimamisha saa kiotomatiki, na uiamuru isimame adui anapoonekana, mtu wako anapoumia vibaya, na uchawi unapomaliza kutoka.

Hatua ya pili: ngazi ya ugumu, na inafanya nini hasa

Watu huchagua ugumu kwa sifa, kisha wanateseka kimyakimya. Fungua menyu uone kinachobadilika. Kwenye Baldur's Gate 3, ngazi ya Tactician inawaongezea maadui damu, yaani pointi za uhai, kwa asilimia 30, na pia wanapata nyongeza ya kukupiga kwa urahisi zaidi. Asilimia 30 inasikika ndogo. Mchukue adui mwenye damu 50 na kikosi kinachompunguzia 25 kila raundi: anakufa raundi ya pili. Mwongezee asilimia 30, awe na 65, na sasa anafika raundi ya tatu. Umempa zamu nzima ya ziada ya kukupiga. Zidisha kwa maadui sita uone mzigo ulipotoka.

Pillars inatumia njia ya wazi zaidi. Kwenye Path of the Damned, ngazi yake ya juu, unakuta maadui wengi zaidi uwanjani, na kila mmoja ana nguvu kuliko kawaida. Pathfinder ina mlolongo mrefu wa ngazi kuanzia Story hadi Unfair, ikiwa na Core iliyokusudiwa kufuata kwa ukaribu kanuni za gemu ya mezani, ile ya karatasi na dadu, na juu yake unaweza kugusa kila kipengele peke yake: maadui wakuumize kiasi gani, wakupige pigo la bahati au wasikupige, aliyeanguka afe au aamke baada ya pambano. Hiyo Unfair, kwa maoni yangu, ni ya watu waliomaliza gemu na kukosa kazi. Haikufundishi mbinu, inakufundisha kutengeneza mhusika mmoja wa ajabu anayebeba wenzake.

Utaratibu wangu ni huu. Anza na ngazi ya kati, ile ambayo waandishi wa gemu wameiita ya kawaida. Ukishinda mapambano bila kutumia uchawi wala dawa, panda. Ukishindwa na ukaweza kusema kwa sentensi moja kwa nini umeshindwa, baki hapohapo. Ukishindwa na hujui kilichotokea, shuka kwa pambano hilo tu, ulitazame likiwa pole, kisha rudi. Karibu gemu hizi zote zinakuruhusu kubadili ugumu katikati ya safari, na hakuna anayekupigia kelele.

Hatua ya tatu: kikosi chenye kazi

Sahau majina ya taaluma kwa muda, tazama kazi. Unahitaji wa kusimama mbele na kupokea mapigo. Unahitaji wa kuua haraka, mmoja au wawili. Unahitaji wa kuwanyima maadui zamu: kuwalaza, kuwafunga, kuwatelezesha, kuwatia hofu. Na unahitaji wa kuwapa wenzake nguvu na kumwinua aliyeanguka. Mtu mmoja anaweza kushika kazi mbili, hasa kasisi, ambaye kwenye gemu hizi huvaa deraya nzito na bado akaomba dua.

Kazi inayosahaulika ni ile ya tatu. Vijana wanapenda mchawi wa moto, kwa sababu moto unaonekana. Fireball inaumiza kweli, kwa wastani pointi 28 kwa kila aliyemo ndani yake, lakini kwenye gemu nyingi za ukoo huu haichagui, inaunguza na wa kwako. Mchawi anayelaza maadui wawili usingizi mwanzoni mwa pambano amekufanyia kazi kubwa kuliko huyo wa moto, maana umegeuza pambano la wanne kwa wanne likawa la wanne kwa wawili.

Original Sin II inahitaji neno la peke yake. Kila adui pale ana kinga mbili juu ya damu yake, moja ya silaha na moja ya uchawi, na hutamwangusha wala kumgandisha hadi kinga inayohusika iishe. Kikosi chenye watu wawili wa mapanga na wawili wa uchawi kinajikuta kinakwangua kuta mbili kwa wakati mmoja, na adui anabaki na zamu zake zote. Ama elekeza wote upande mmoja, ama kila jozi ichague adui wake ambaye kinga yake ya upande huo ni nyembamba.

Ukigundua umejenga mtu vibaya, usianze upya. Kwenye Baldur's Gate 3 yupo Withers, yule mifupa anayehamia kambini kwako, anakubadilishia taaluma nzima kwa dhahabu 100.

Hatua ya nne: pambano kabla ya pambano

Hapa ndipo mapambano mengi yanaposhindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mtenge mmoja, mwepesi wa kunyata, na umtume mbele peke yake. Wengine waache nyuma ya ukuta au nyuma ya mlango. Kazi yake ni kuhesabu: wako wangapi, wa mishale wako wapi, mchawi ni yupi, kuna mapipa ya mafuta, kuna ngazi ya kupanda juu. Mchunguze kila adui kwa kitufe cha kumkagua, maana gemu nyingi zinakuonyesha alipo dhaifu. Yule jitu mwenye rungu ana mwili wa chuma lakini akili ya kuku. Usimpige sumu, mpige kitu kinachopimwa kwa utashi. Pillars inaweka wazi kabisa kwamba kila mtu ana kinga nne tofauti, na kazi yako ni kupiga ile iliyo chini kuliko zote. Kwenye Pathfinder: Kingmaker ya 2018 kuna makundi ya buibui wadogo ambayo silaha za kawaida haziyafanyi kitu cha maana. Wengi walifia hapo wakiendelea kuyakata kwa panga, na dawa yake ni chupa za moto au tindikali, au uchawi unaopiga eneo zima.

Kisha panga watu. Kimo kina thamani: kwenye Baldur's Gate 3 aliye juu anapata nyongeza ya 2 kwenye dadu la kupiga kwa anayemlenga chini, na aliye chini anapunguziwa 2 akilenga juu. Mlango mwembamba una thamani zaidi. Saa kumi na moja jioni pale Kilombero, abiria hata wawe hamsini, kwenye mlango wa Hiace anaingia mmoja mmoja. Msimamishe mwenye ngao mlangoni, na maadui kumi wanakuwa maadui wawili wanaopiga na wanane wanaosubiri. Hao wanane wanapoteza zamu na wewe hujatumia hata uchawi mmoja.

Ukiwa wa kwanza kupiga, ukiwa umejificha, maadui walioshtukizwa hupoteza zamu yao ya kwanza kwenye Baldur's Gate 3. Ni zawadi kubwa kuliko silaha yoyote utakayookota. Na pale ambapo pambano linaanza na mazungumzo, usiende wote wanne. Mwache mmoja aende kuongea, watatu wabaki darini au kwenye mwamba. Maneno yakiharibika, tayari umeshika nafasi nzuri.

Kuhusu dua na uchawi wa kujiandaa, tenganisha vinavyodumu hadi ulale na vinavyodumu raundi chache. Vya kudumu piga asubuhi kambini. Vya muda mfupi, kama Bless inayodumu raundi 10, piga ukiwa nje ya mlango, sekunde chache kabla ya kuanza. Ukisubiri hadi pambano lianze, kasisi wako ametumia zamu nzima kufanya kazi ambayo ingefanyika bure.

Hatua ya tano: hesabu ya dadu

Gemu nyingi za ukoo huu zinarusha dadu lenye pande 20, unajumlisha ulichonacho, na ukifikia namba ya ulinzi ya adui umempiga. Tuseme una nyongeza ya 5 na adui ana ulinzi wa 15. Unahitaji dadu lionyeshe 10 au zaidi, yaani pande 11 kati ya 20: asilimia 55. Karibu nusu ya zamu zako zinakwenda na upepo.

Sasa angalia vitu vidogo vinavyofanya. Kimo, nyongeza ya 2: asilimia 65. Bless, inayoongeza kati ya 1 na 4, kwa wastani inakufikisha asilimia 67 na nusu, na inawagusa watu watatu kwa wakati mmoja. Ukipata nafasi ya kurusha dadu mara mbili na kuchukua lililo kubwa, labda kwa sababu umejificha au adui ameanguka chini na wewe uko karibu naye, unapanda hadi karibu asilimia 80. Watu wanne wanaopiga kwa asilimia 55 wanapata mapigo mawili na kidogo kila raundi. Kwa asilimia 80 wanapata matatu na zaidi. Ni kama umeongezewa mtu wa tano, tena asiyekula.

Uchawi mwingi mzuri unadai umakini wa aliyeupiga, na mtu mmoja anashika mmoja tu kwa wakati. Akipigwa, anajaribiwa: lazima afikie 10, au nusu ya maumivu aliyopata kama nusu hiyo inazidi 10. Akiumizwa 30, anatakiwa afikie 15. Kwa hiyo kasisi aliyeshikilia Bless asiwe mbele kabisa, na mchawi wa adui aliyeshikilia kitu kibaya apigwe mapigo madogo mengi badala ya moja kubwa, maana kila pigo ni jaribio jipya. Haste inatisha zaidi upande huu: inampa mtu kitendo cha ziada, ila umakini ukivunjika, aliyefaidika anazubaa na kukosa zamu. Mpe umakini huo mtu aliyejificha mbali, si yule anayepigana.

Kwenye Baldur's Gate 3 kuna mpangilio unaoitwa Karmic Dice unaolainisha bahati mbaya, na unakuja ukiwa umewashwa. Mimi huuzima. Unawasaidia pia maadui wasikose mara nyingi mfululizo, na mwenye ngao wako, ambaye kazi yake ni kukoswa, anaumia.

Hatua ya sita: nani afe kwanza

Chukua maadui wanne, kila mmoja na damu 20, na kikosi chako kinatoa 20 kwa raundi, mkianza nyinyi. Mkigawana, kila mtu na wake, kila adui anapoteza 5 kwa raundi. Wote wanne wako hai raundi tatu za kwanza, wanakupiga mara 12, kisha wanaanguka pamoja raundi ya nne. Mkimwandama mmoja hadi afe ndipo muende kwa mwingine, wanapiga mara tatu, kisha mbili, kisha moja: jumla 6. Raundi ni zilezile nne, maumivu ni nusu. Ukitoka na jambo moja kwenye mwongozo huu, chukua hilo.

Anayestahili kufa kwanza si mkubwa wao. Ni yule ambaye zamu yake ina madhara makubwa na damu yake ni kidogo: mchawi, mganga wao, mpiga mishale. Bosi mwenye damu nyingi mfunge, mtelezeshe, msukume mbali, umrudie mwisho. Kama bosi ni binadamu au wa jamii ya watu, Hold Person ikimshika anakuwa kama gogo, na kila pigo la karibu linalompata linahesabiwa kuwa pigo kubwa. Leveli za mwanzo, Sleep ya Baldur's Gate 3 inawalaza maadui ambao jumla ya damu yao haizidi 24, bila wao kupata nafasi ya kujitetea. Usiwaguse waliolala hadi uwamalize walio macho, maana pigo lolote linawaamsha.

Tazama buibui mkubwa wa kwenye mapango ya Whispering Depths, humohumo kwenye Baldur's Gate 3, ambaye wengi wanakwama kwake. Anatoweka upande mmoja na kuibuka mwingine, anatema sumu kwa mbali, na mayai yake yanapasuka na kutoa buibui wengine. Ukimkimbiza, mwendo wako unaishia njiani na anatoweka tena. Hesabu zamu alizonazo: zake, na za watoto wote watakaozaliwa. Kwa hiyo, kabla ya kuanza, nyata ukaharibu mayai, na hapo umefuta zamu ambazo hazijatokea bado. Kisha panda juu usubiri. Anapenda kusimama kwenye madaraja ya utando yaliyo juu ya shimo, na utando unashika moto. Mshale mmoja wa moto kwenye daraja, siyo kwake, na anaporomoka, anaumia kwa kimo na kulala chini. Sasa wote wanne wanamlenga mnyama aliyeanguka.

Mfano wa zamani ni Tarnesh, mchawi anayekusubiri kwenye ngazi za Friendly Arm Inn kwenye Baldur's Gate ya 1998. Wewe uko leveli ya kwanza, una damu chache, naye anaanza kujizungushia vivuli vyake mwenyewe kisha anatupa uchawi wa hofu, kikosi chako kinatawanyika. Kwenye gemu hiyo, mchawi akipigwa wakati bado anatamka maneno, uchawi unavunjika. Kwa hiyo usimkaribie kwa mapanga kwanza. Wape wote mishale au kombeo kabla ya kupanda, simamisha saa mara anapoanza kunyoosha mikono, na waamuru wote wampige kwa pamoja. Ndani ya nyumba hiyo wako Jaheira na Khalid wanaokusubiri wajiunge nawe. Ukiweza kumkwepa ukaingia kwanza kuwachukua, mrudie Tarnesh ukiwa na watu wawili zaidi.

Hatua ya saba: dawa na usingizi

Hii ni fupi. Tumia vitu. Watu wanamaliza gemu na chupa arobaini za dawa begini. Kwenye Baldur's Gate 3 kunywa dawa hakuli kitendo chako kikuu, na ukiirusha chini katikati ya wenzako wawili walioanguka, inawainua wote kwa mkupuo. Kumsukuma adui kwenye korongo nako ni kitendo kidogo, na korongo halijali ana damu kiasi gani. Chupa ya maji ukimrushia adui akaloa, radi na baridi vinamuumiza maradufu.

Kulala, lala. Usingizi kamili unakula chakula cha kambi 40, na kwenye Tactician 80, lakini ukipekua makreti na jikoni za watu hutapungukiwa. Kuingia kwa bosi ukiwa na nusu ya uchawi ni kujiongezea ugumu bure.

Hatua ya nane: ukifa

Kabla ya kubonyeza kurudia, fungua orodha ya matukio ya pambano, kwa kawaida iko pembeni chini. Usitazame nani alikuua mwisho. Tafuta raundi ambayo ulipoteza mtu wa kwanza, kisha rudi nyuma raundi moja. Jibu liko hapo: alikuwa amesimama mahali pabaya, au uliwapiga watatu badala ya mmoja, au ulipoteza zamu kumfuata mpiga mishale. Rudia pambano ukibadili hilo tu. Ukibadili kila kitu kwa pamoja hutajua kilichokuokoa.

Sevu mara kwa mara, na uweke zaidi ya moja. Umeme wetu mnaujua. Laptop ambayo betri yake imekufa ni kompyuta ya mezani tu, na ikizimika wakati inaandika sevu, faili linaweza kuharibika. Nunua betri kabla ya kununua gemu ya pili.

Hatua ya mwisho: kupanda hadi juu kabisa

Ukishazoea Tactician, Baldur's Gate 3 ina Honour, iliyoongezwa Novemba 2023. Hapo una sevu moja tu, gemu inajisevu yenyewe, na kikosi chote kikifa, heshima imekwisha; unaweza kuendelea na hadithi, lakini si kwa hadhi hiyo tena. Damu ya maadui ni ileile ya Tactician. Kilichobadilika ni zamu. Mabosi wanapewa vitendo vya ziada nje ya nafasi yao, wakijibu unachofanya katikati ya raundi yako, na kitendo cha ziada cha Haste kinakupa pigo moja tu, hata kama mpiganaji wako amezoea kupiga mawili.

Kwa hiyo kabla ya kumgusa bosi yeyote kwenye Honour, mkague usome kitendo chake cha ziada kinawashwa na nini. Kuna anayejibu akipigwa kwa karibu, kuna anayejibu uchawi ukitumika. Ukijua kinachomwasha, mfanye akitumie kwa mtu asiye na cha kupoteza: kiumbe wa kuitwa kwa uchawi, au mwenye ngao aliyejaa damu. Baada ya hapo ndipo wauaji wako wanaingia.